Somo katika Khabari ya Homa ya Mbu, na Watu Wanaojitolea Kuipinga katika Handeni na Korogwe

Yajulikana kwa kila mkaaji wa pwani na bara yake ya kuwa homa ya malaria haichagui mtu. Humwingia tajiri na maskini, mwanachuoni na asiyesoma, aliye katika nyumba ya mawe na aliye katika kibanda cha makuti. Walakini si wote wajuao ya kuwa asili ya homa hii, yaani kuletwa kwake na mbu, ilikuwa ikisemwa na watu wa milima ya Usambara kabla haijakubaliwa na wataalamu wengi wa Ulaya. Tabibu wa Kijerumani, Robert Koch, alipofika Usambara mwishoni mwa karne ya 19, aliwasikia wenyeji wakiiita homa hiyo kwa jina la mbu. Alipowauliza sababu, walimwambia ya kuwa mtu wa mlimani ashukapo nyikani huumwa na wadudu waitwao mbu, kisha hurudi kwao ana homa. Akaiandika khabari hii katika maelezo ya safari zake yaliyochapwa mwaka 1898. Mwaka mmoja kabla yake, katika Agosti 1897, Ronald Ross, tabibu wa jeshi la Waingereza katika Bara Hindi, alikuwa ameona kwa darubini kijidudu cha malaria ndani ya tumbo la mbu. Basi wale wazee wa Kishambaa hawakuwa na darubini, lakini hesabu yao ilikuwa sahihi.

Nyika waliyoitaja ndiyo hiyo iliyo chini ya milima yao, na Korogwe imo ndani yake. Mji huu umekaa kando ya mto Pangani, na mto Luengera washuka huko kutoka milimani. Masika yanyeshapo, mabonde hujaa maji na watu hulima mpunga. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya katani yakaenea, na kwa ajili ya katani wakaja wafanya kazi kutoka nchi za mbali ambao miili yao haikuizoea homa ya huku. Handeni iko upande wa kusini, katika nchi ya Wazigua, nayo ni nchi kavu. Maji ni ya shida, na watu hutegemea malambo yaliyochimbwa yakusanye maji ya mvua. Mtu aweza kudhani ya kuwa pakavu hapana mbu. Jeshi la Waingereza lililofika Handeni katika Juni 1916, likiwafuata Wajerumani, lilijifunza kinyume cha hayo. Katika vita vile askari walioangushwa na homa na maradhi mengine walikuwa wengi mno kuliko walioangushwa na risasi, na wachukuzi Waafrika, waliotembea chini ya mizigo bila ya kinini ya kutosha, walikufa kwa maelfu.

Sababu yake ni hii. Mbu aletaye malaria, aitwaye anofelesi, hahitaji mto wala ziwa. Mmoja katika aina zake zilizo mbaya kupita zote hupenda vidimbwi vidogo vilivyo wazi kwa jua: alama ya gurudumu barabarani, shimo la kufyatulia matofali, hata unyayo wa ng'ombe pembezoni mwa lambo. Yai likitagwa hapo, katika siku kama 7 hata 14, kwa kadiri ya joto, huwa limekwisha kuwa mbu arukaye. Ni jike peke yake aumaye, kwani ahitaji damu kwa ajili ya mayai yake. Naye hazaliwi na homa. Huichukua kwa mtu mgonjwa, kijidudu kikakua ndani yake kwa siku kama 10 au zaidi, ndipo ampapo mtu wa pili. Haya yafaa yashikwe sana, kwani yafahamisha ya kuwa mgonjwa asiyetibiwa katika nyumba moja ni khatari kwa nyumba za jirani, hata kama jirani yu mzima na nyumba yake ni safi.

Tena yafaa kutofautisha. Mbu azaliwaye katika maji machafu ya vyoo na michirizi ni wa jamii nyingine, naye katika nchi ya Tanga hujulikana kwa kueneza matende na mabusha. Anayetaka kuwajua na atazame viluwiluwi: vya anofelesi hulala sambamba na uso wa maji, na vya yule mwingine huning'inia vichwa chini. Mbu mzima wa malaria naye, atuapo ukutani, huinua sehemu ya nyuma juu kama mwiba uliochomekwa. Mtoto wa chuo aweza kufundishwa haya kwa muda mfupi.

Ama juhudi za kuiondoa homa hii si mpya. Katika miaka ya 1955 hata 1959, juu ya bonde hilo hilo la Pangani, katika Upare na Taveta, nyumba zilipigwa dawa iitwayo dildrini ndani ya kuta zake, na mbu wakapungua mno, na homa ikapungua. Kazi ilipokoma, mbu wakarejea kidogo kidogo, na homa nyuma yao. Unguja na Pemba walipiga dawa ya DDT kwa miaka kadha wa kadha, na homa ikashuka sana. Kazi ilipokomeshwa mwaka 1968 ikapanda tena, na watoto waliozaliwa katika miaka ya salama ndio walioumia zaidi, kwani miili yao haikuwahi kuijua. Kazi hizo zilifanywa na watu waliokuja na magari na mabomba na madaftari, kisha wakaondoka na magari na mabomba na madaftari. Kijijini halikubaki la maana, wala mtu aliyefundishwa la kufanya siku ambayo gari halitakuja.

Hapo ndipo palipo tofauti ya kazi iliyofanywa Korogwe tangu mwaka 2003. Taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, yenye kituo chake Korogwe, iliona ya kuwa wagonjwa wengi vijijini hawafiki zahanati, au hufika wamechelewa. Basi katika vijiji kadha, watu wa kijiji wenyewe walichaguliwa, wakafundishwa kumpokea mwenye homa, kuandika jina na siku, kutoboa kidole na kuchukua damu, na kutoa dawa. Hawa hawakuwa matabibu. Ni wakulima, wake kwa waume, waliojua kusoma na kuandika na wanaoaminiwa na jirani zao. Mlango wao hubishwa usiku na alfajiri, na siku ya kupanda na siku ya kuvuna.

Wala asidhani mtu ya kuwa kutoboa kidole ni jambo dogo. Katika pwani yote khofu ya mumiani ni ya zamani. Wako wazee waliokuwa wakiwafungia watoto ndani jioni wakisikia ya kuwa mgeni amefika na chupa. Mgeni akija na sindano akasema ataka damu kidogo kwa ajili ya elimu, baba humtazama mara mbili, na hapana wa kumlaumu. Lakini akija mtu ambaye shamba lake lapakana na lake, aliyemzika mama yake pamoja naye, neno lake huwa na uzito mwingine. Aweza kumwonyesha kile kioo kidogo chenye tone moja la damu, akamwambia kitakwenda wapi na kwa nini. Pengine hii ndiyo faida kubwa kupita zote ya mtu wa kijijini, nayo haiwezi kuletwa kwa gari.

Faida ya pili ilionekana kilipokuja kipimo cha haraka, kile kijibao kidogo kinachotoa jibu kwa mistari katika muda wa robo saa hivi. Zamani kila aliyekuwa na homa alipewa dawa ya malaria, iwe ni malaria au sivyo. Katika vijiji 6 vya Korogwe wajitoleaji hawa walipokea watu wenye homa zaidi ya 23,000, na khabari yake ikatolewa mwaka 2011. Kabla ya kipimo, takriban wagonjwa wote wa miaka 5 na zaidi walikuwa wakipewa dawa ya malaria. Baada ya kipimo, kama theluthi moja tu ndio waliopewa. Theluthi mbili walikuwa na homa ya jambo jingine, na wangalimeza dawa isiyowahusu huku ugonjwa wao wa kweli ukiendelea. Mkulima aliyefundishwa kwa siku chache aliweza kulitambua hilo, na kulishika, na kumwambia jirani yake uso kwa uso ya kuwa leo hapewi dawa. Anayejua jinsi mgonjwa apendavyo kurudi nyumbani na kitu mkononi atafahamu ya kuwa yahitaji moyo.

Na homa ilipungua. Kati ya mwaka 2003 na 2008, katika kijiji kimoja cha bondeni huko Korogwe, watu waliokutwa na vijidudu katika damu walishuka kutoka kama 78 kwa kila 100 hata 13. Na katika kijiji kimoja cha mlimani, kutoka kama 25 hata 3. Insafu yataka isemwe ya kuwa wajitoleaji hawakufanya hayo peke yao. Katika miaka hiyo vyandalua vilikuwa vikienea, na mwishoni mwa mwaka 2006 nchi iliiacha dawa iliyokuwa imekwisha kuzoewa na vijidudu, ikaingiza dawa mseto. Tena hali ya mvua hubadilika. Kupungua kwenyewe nako kuna khatari yake, kwani mahali ambapo mtoto haumwi tena kila mwezi, baba huacha kukifunga chandalua, akasema mbu hawapo.

Baadaye vyandalua vilitolewa bure katika nchi nzima: karibu milioni 9 kwa watoto walio chini ya miaka 5 katika miaka ya 2009 na 2010, na kama milioni 18 kwa ajili ya vitanda vilivyobaki katika 2010 na 2011. Kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba na kuhesabu mahali pa kulala ilifanywa vijijini na watu wa vijijini. Kuhesabu huko kulifichua mambo. Nyumba nyingi zilikuwa na wanaolala chini kuliko wanaolala juu ya kitanda, nao chini ndipo walipokuwa watoto.

Jambo jingine lililotoka Korogwe limefika mbali kuliko wengi wajuavyo. Mwaka 2007 watoto 894 wa Korogwe na wa Kilifi katika Kenya, wenye miezi 5 hata 17, waliingizwa katika jaribio la chanjo ya malaria. Nusu walipewa chanjo hiyo, na nusu wakapewa chanjo ya ugonjwa mwingine, ili ionekane tofauti. Ilipohesabiwa, homa ya malaria ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu kwa waliochanjwa. Tangu mwaka 2009 likafuata jaribio kubwa, katika mahali 11 pa nchi 7 za Afrika, kwa watoto 15,459, na Korogwe ilikuwamo tena, pamoja na Bagamoyo. Kwa miaka mingi zaidi faida yake ilionekana kuwa pungufu kuliko ile ya kwanza, kama theluthi moja na kitu. Hata hivyo katika Oktoba 2021 Shirika la Afya la Dunia liliikubali itumiwe kwa watoto wa Afrika. Mtoto anayechanjwa leo katika Ghana au Malawi ana haki juu yake ya mama fulani wa Korogwe, aliyembeba mwanawe mgongoni mara kwa mara hata kliniki, akakubali aandikwe, apimwe, afuatwe, ilhali hajui kama mwanawe amepewa chanjo yenyewe au ile nyingine. Huyu naye ni katika waliojitolea, ijapokuwa hakuvaa fulana yenye maandishi.

Sasa lafikiwa lililo zito katika somo hili, nalo lawahusu wanaume khasa. Mjitoleaji aweza kufundishwa vyema, akawa na kipimo na dawa, na nyumba yake ikawa hatua 100 tu. Lakini hawezi kuingia nyumba ya mtu pasipo idhini. Mtoto hushikwa na homa mchana, baba yuko shamba au amekwenda mnadani. Mama aogopa kumtoa nje bila ya kauli ya mumewe, au hana nauli mkononi ya kumfikisha zahanati. Jioni homa yapanda. Usiku mtoto ageuza macho na kukakamaa, na mikono yatetemeka. Hii ndiyo degedege.

Wengi wa wazee katika pwani na nyika husema degedege ni shetani apitaye kwa sura ya ndege, na dawa yake ni mafusho na hirizi. Wako hata wasemao ya kuwa mtoto mwenye degedege akipigwa sindano hufa. Neno hili la mwisho limeua watoto wengi. Lilipata nguvu kwa kuwa watoto waliofikishwa hospitali walikuwa wamekwisha kucheleweshwa siku mbili au tatu, wakafa baada ya sindano, na sindano ikashitakiwa badala ya siku zile. Degedege yaweza kuwa malaria iliyofika ubongoni, na saa zilizopo ni chache. Mjitoleaji hana dawa ya hali hiyo. Kazi yake ni kuijua, na kumwambia baba aondoke na mtoto sasa hivi. Kadhalika mtoto asiyeweza kunyonya, atapikaye kila kitu, azimiaye, apumuaye kwa shida, au ambaye viganja vyake vimekuwa vyeupe kwa upungufu wa damu: wote hao si wa kungojea asubuhi. Mume aliyekwisha kumwambia mkewe tangu siku ya uzima, "Ukiona moja katika haya, ondoka, usiningoje," na akaacha nauli mahali panapojulikana, amefanya nusu ya kazi ya mjitoleaji bila ya kutoka barazani.

Chandalua nacho kina mambo yake. Katika nyumba yenye kimoja tu, aghlabu hulaliwa na mwenye nyumba, kwa kuwa kitanda ni chake. Mtu mzima aliyeishi nyikani miaka 40 huumwa akapata homa ya siku tatu akainuka. Mtoto wa miaka miwili huumwa akafa, na mwanamke mwenye mimba hupungukiwa damu na kuzaa mtoto mdogo wa umbo. Kwa hiyo kikiwa ni kimoja, wa kwanza ni hao. Na katika Korogwe, wakati wa mpunga kuzaa, mwanamume na vijana wake hulala dunguni kulinda ndege na nguruwe, wiki kwa wiki, wazi kwa mbu, huku chandalua cha serikali kimebaki nyumbani kimekunjwa. Kisha hurudi na homa, na mbu wa kijijini huichukua kwao na kuwapa wadogo.

Katika Handeni shida ni lambo. Hapana mjitoleaji awezaye kuwaambia watu walifukie, kwani ndiyo maji yao na ya ng'ombe wao. Lakini ukingo wake waweza kufyekwa, na mifugo ikatengewa upande mmoja wa kunywea ili nyayo zisizagae kila mahali, na vidimbwi vilivyo pembeni vikafukiwa baada ya mvua. Iko pia dawa ya viluwiluwi, isiyodhuru mtu wala mnyama, itengenezwayo katika kiwanda cha Kibaha kilichofunguliwa mwaka 2015. Nayo yataka kutiwa tena na tena, jambo ambalo haliwezekani pasipo mtu wa pale pale. Mabirika ya misikiti nayo yatazamwe: birika lisilofunikwa wala kusafishwa hulea mbu, hata kama ni wale wa matende, na waumao waumini usiku wa maulidi hawaulizwi jamii yao.

Imesalia khabari ya ujira, ambayo wengi huona haya kuisema. Kujitolea ni thawabu, na hapana abishaye. Lakini mtu anayetoka shambani kila siku kupokea wagonjwa wa watu, naye ana watoto wa kulisha, hawezi kuishi kwa thawabu na fulana. Mahali pengi wajitoleaji walianza kwa bidii, kisha wakachoka mmoja mmoja, na vijiji vikawaita wavivu. Hiyo si haki. Katika Januari 2024 serikali ilizindua mpango mpya wa wahudumu wa afya ya jamii kwa nchi nzima, wafundishwao na kulipwa posho. Jambo hili ni jema, nalo lahitaji miaka kuenea. Katika miaka hiyo, wanaume wa mtaa wakikubaliana baada ya sala ya Ijumaa kumlimia mjitoleaji wao nusu ekari kila masika, au kumnunulia betri za tochi, au kumchukulia zamu usiku wa kumpeleka mgonjwa kwa pikipiki, hilo si sadaka kwake. Ni deni.

Tena kazi yenyewe haisimami mahali pamoja. Mbu wa sehemu nyingi za nchi wamekwisha kuizoea dawa ya vyandalua vya zamani, ikabidi vitengenezwe vyenye dawa mbili. Vilijaribiwa Misungwi, upande wa Mwanza, na mwaka 2022 ikatangazwa ya kuwa vyafaa zaidi. Katika Karagwe, mkoani Kagera, wameonekana vijidudu visivyokufa upesi kwa dawa mseto. Kwa sababu hiyo anayekunywa nusu ya vidonge na kumwekea mwanawe nusu, au anayenunua dawa dukani bila ya kupimwa, huwafundisha vijidudu kuishi. Unguja, ambako homa ilishushwa hata chini ya mtu mmoja kwa kila 100, bado kila mgonjwa apatikanaye hufuatwa nyumbani kwake na waliomo wakapimwa, kwani wasafiri wa kutoka bara huirudisha.

Ama chandalua cha dunguni hufungwa hivi. Hukatwa miti minne iliyo sawa na urefu wa mtu aliyeketi, ikasimamishwa pembeni mwa mkeka, na kamba ikapitishwa juu kutoka mti hata mti. Chandalua kikatundikwa, na pindo lake likaingizwa chini ya mkeka pande zote kabla ya magharibi. Asubuhi hukunjwa na kutiwa katika mfuko, kisiharibiwe na jua wala kuguguniwa na panya. Kikifuliwa, hufuliwa kwa sabuni ya mche, na kuanikwa kivulini.